Njia Tulivu za Upare na Majembe Yaliyozichimba

Basi la Arusha likishaipita Mkomazi, abiria aliyekaa upande wa kulia huanza kuiona milima dirishani, na haimtoki machoni kwa muda mrefu. Hedaru hupita, Makanya hupita, basi husimama Same watu wachimbe dawa na kununua maji, kisha safari huendelea hadi Mwanga, na muda wote huo Upare uko palepale, mara nyingine umefunikwa na mawingu kuanzia kiunoni. Wengi wanaoitazama milima hiyo kupitia kioo hawajui kwamba juu yake kuna barabara: za udongo mwekundu, nyembamba, zinazozunguka migongo ya vilima, zinavuka vijito, zinapita kati ya migomba na kutokea mbele ya kanisa, shule au zahanati. Basi la Arusha halipandi huko, na halijawahi kuwa na sababu ya kupanda.

Hapo ndipo historia ya njia za Upare inapoanzia. Kwa zaidi ya miaka 150, safari kubwa za nchi hii zimepita miguuni pa milima hii. Misafara ya pembe za ndovu ilipita chini, reli ya Wajerumani ikapita chini, na lami nayo ikapita chini. Waliotaka njia ya juu walikuwa Wapare wenyewe, na waliitengeneza kwa mikono yao. Mwendesha baiskeli anayeacha barabara kuu pale Same leo na kupanda kuelekea Mwembe, akashangaa kwamba dakika 20 zimepita bila gari kumkaribia, anafaidi matokeo ya mambo hayo mawili: wakubwa waliokwepa mlima, na wanakijiji waliouchimba.

Ni vizuri kuijua nchi yenyewe kwanza. Milima ya Upare ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Upare Kaskazini, yaani Usangi na Ugweno, uko Wilaya ya Mwanga. Upare Kusini uko Wilaya ya Same, na humo ndimo kilipo kilele kirefu kuliko vyote, Shengena, chenye mita 2,462, ndani ya msitu wa hifadhi wa Chome. Mji wa Same wenyewe haufiki mita 900. Kwa mwendesha baiskeli tofauti ya namba hizo mbili ndiyo habari yote: kutoka vumbi na michongoma ya tambarare hadi baridi ya msituni ni mwendo wa siku moja, ila siku hiyo ni ya jasho.

Upepo wa Bahari ya Hindi huleta mvua upande wa mashariki wa milima. Ukishavuka kilele unakuwa umekwisha maji, ndiyo maana upande wa magharibi, ambako ndiko ilikopita barabara kuu, ni mkavu kiasi cha kumfanya mgeni adhani Upare wote ni nusu jangwa. Mito yenye maji ya kuaminika, kama Hingilili unaoteremkia Maore na Yongoma unaoteremkia Ndungu, iko upande wa pili, upande wa bonde la Mkomazi. Jambo hilo la maji ndilo lililoamua njia za kwanza.

Kabla ya misafara kulikuwa na chuma. Upare Kaskazini ulikuwa na wahunzi mashuhuri, ukoo wa Washana, waliokusanya mchanga wenye madini kutoka kwenye vijito, wakauyeyusha kwa mivukuto na kutoa majembe, mikuki na visu. Uchaggani kulikuwa na ndizi na watu wengi, lakini chuma kilitoka Ugweno. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyeandika historia ya Upare kwa kukaa na wazee na kuwasikiliza, alionyesha jinsi utawala wa Ugweno ulivyokuwa mikononi mwa Washana kabla ya kutwaliwa na ukoo wa Wasuya. Bidhaa ya chuma ni nzito, na mbebaji wake hutafuta mteremko ulio nafuu. Vijia vya kutoka Ugweno kwenda upande wa Ziwa Jipe na Kilimanjaro vilikanyagwa kwa ajili hiyo, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuja na kipimio cha barabara.

Karne ya 19 ilileta misafara kutoka pwani. Watu wa Pangani waliufuata mto wao kupanda bara, wakatafuta pembe Kilimanjaro na Umasaini. Walipofika Mkomazi, njia iliyopendwa ilikuwa ile ya mashariki ya Upare: Kihurio, Gonja, Kisiwani, halafu kuelekea Jipe na Taveta. Maji yalikuwepo, na chakula pia, kwa kuwa Wapare waliteremka na ndizi, mahindi na maharage kuuza kwa nguo na shanga. Vituo hivyo vikawa vijiji vya kibiashara vyenye Waswahili, Wazigua, Wapare na Wakamba waliochanganyika, na hata leo mtu akipita Kisiwani au Kihurio huona misikiti na nyumba zinazoikumbusha pwani kuliko mlima.

Biashara hiyo haikuwa ya heri tu. Semboja wa Mazinde, mmoja wa wana wa Kimweri ye Nyumbai wa Usambara, aliidhibiti njia ya bonde katika nusu ya pili ya karne hiyo kwa bunduki alizozipata pwani, na pamoja na pembe kukawa na watumwa. Vijiji vya chini vilivamiwa. Watu walipanda juu zaidi, na wakazi wa juu wakawa na sababu nzuri ya kutotaka njia pana inayoelekea kwao. Kijia chembamba chenye kona, ambamo mgeni hupotea, kilikuwa ulinzi. Anayelalamika leo kwamba barabara ya mlimani haikunyooka ingefaa akumbuke kwamba zipo sehemu ambazo kutonyooka kulikusudiwa.

Reli ilipofika, ilihamisha kila kitu upande wa pili. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, na Moshi mwaka 1911. Wahandisi hawakuhitaji mito mingi kama wapagazi, walihitaji ardhi tambarare, na tambarare ilikuwa magharibi, kando ya mto Pangani. Makanya, Hedaru na Same zikawa stesheni. Same, mahali pakavu palipokuwa na faida moja tu, yaani pengo la asili kati ya Upare wa Kati na Upare Kusini, pakageuka kuwa mji. Kisiwani na Gonja zikabaki nyuma. Njia kuu ya misafara ikawa njia ya pembeni, na imebaki hivyo kwa zaidi ya miaka 100.

Pengo hilo la Same lilionekana tena Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts lilikuwa likiwafukuza Wajerumani wa kamanda Lettow-Vorbeck kufuata reli. Kikosi kimoja, cha Brigedia Hannyngton, kilipitishwa katika pengo hilo kikashuka bonde la Mkomazi hadi Gonja, ili kumzunguka adui kwa upande wa mashariki. Askari walipita mle mle walimopita wapagazi wa pembe. Anayeendesha baiskeli kutoka Same kwenda Kisiwani asubuhi, jua likiwa linampiga usoni, anafuata nyayo zao.

Wamisionari walikuwa wageni wa kwanza walioamua kuishi juu. Walutheri wa Leipzig walifungua kituo Shigatini, Upare Kaskazini, mwaka 1900. Mwaka 1903 Johannes Ehlers na A. C. Enns walifika Upare Kusini wakaanzisha Giti, kituo cha kwanza cha Waadventista Wasabato katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mbaga ilimpata Jakob Dannholz, Mlutheri aliyekaa humo miaka mingi na kuandika kwa kirefu juu ya imani za Wapare. Kila kituo kilihitaji mabati, saruji, kengele, vitabu na dawa, na vyote vilipanda kutoka reli vichwani mwa watu. Baadaye shule na zahanati zikafuata makanisa, na njia zikafuata shule. Ukiangalia ramani ya barabara za Upare Kusini utaona jinsi zinavyoruka kutoka misheni hadi misheni: Vudee, Mbaga, Gonja, Suji, Mamba.

Kahawa nayo ilisukuma. Kati ya vita kuu mbili, wakulima wa miteremko ya juu waliipanda kwa wingi zaidi kila mwaka, na kahawa haina thamani ikibaki kwenye uchanja. Lazima ishuke. Ilishuka kichwani, mgongoni, na pale palipowezekana juu ya punda. Serikali ya kikoloni ilichukua kodi lakini haikuharakisha barabara, na hilo lilikuwa moja ya mambo yaliyowakera watu.

Kero hiyo ilipata jina la mbiru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, utawala wa Waingereza ulianzisha Upare kodi ya nyongeza iliyokadiriwa kwa mali ya mtu, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwepo. Watu waliona makadirio ni ya upendeleo na hawakushirikishwa. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani, wakakusanyika Same mbele ya ofisi ya wilaya, wakagoma kurudi. Paulo Mashambo, mmoja wa viongozi wao, alitaka jambo lililo wazi: watu walipe kiwango kimoja kinachojulikana, na kodi ya makadirio iondolewe. Kambi ilikaa kwa muda mrefu. Wake na mama walishusha chakula kwa zamu, mizigo kichwani, na baadaye wanawake wa Usangi wakajitokeza wenyewe kudai majibu kwa maofisa. Kodi ile ilifutwa vita vilipokwisha.

Ni vigumu kuzipita njia hizi bila kuwafikiria watu wale. Kutoka Usangi au Mamba hadi Same kwa miguu ni safari ya kulala njiani. Walioifanya kwa maelfu hawakuwa na barabara ya kupitisha gari kwa sehemu kubwa. Walikuwa na vijia, na walivijua vizuri kiasi kwamba mgomo uliendeshwa kutoka vilele hadi tambarare bila simu na bila lori.

Barabara zenyewe, zile zinazobeba magurudumu leo, nyingi ni kazi ya msaragambo. Mtu wa Same au Mwanga hahitaji kuelezwa. Mbiu inalia, kila kaya inatoa mtu, jembe, sururu au chepe mkononi, na kipande cha kazi kinagawiwa kwa kitongoji. Kazi hiyo ilikuwepo kabla ya ukoloni kwa ajili ya mifereji na ndiva, yale mabwawa madogo ya udongo na mawe yanayokusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe mashambani mchana. Waingereza na wafumwa, yaani machifu wa Upare, waliitumia kutengeneza njia, mara nyingi kwa amri na faini. Baada ya Uhuru ikavaa sura nyingine: kujitegemea, kujenga taifa. Vijiji vilivyokuwa vimechoka kushusha wagonjwa kwa machela vilichimba ubavu wa mlima mita kwa mita, vikavunja mwamba kwa kuuwashia moto na kuumwagia maji, vikapanga mawe ukingoni ili udongo usiporomoke.

Hebu mtu asimame kwenye kona mojawapo ya kupanda Suji kutoka Makanya, aitazame. Upana wake ni wa gari moja. Upande wa mlimani umekatwa wima na alama za majembe zimeshafunikwa na nyasi na majani ya mwitu. Upande wa bonde kuna mawe yaliyopangwa kwa mkono, bila saruji, makubwa chini na madogo juu, na katikati yake mfereji mdogo wa kutolea maji umepitishwa kwa mshazari. Kona yenyewe haina kipimo cha mhandisi: inakata pale mwamba ulipokubali na inazunguka pale ulipokataa. Lori haliwezi kuipita kwa mwendo. Kwa baiskeli, mwinuko unapanda kwa namna ambayo miguu inaielewa, kwa sababu waliochagua mahali pa kuchimba walikuwa watu waliozoea kupanda na mzigo. Hii ndiyo siri ya uzuri wa njia za Upare, na haimo kwenye kitabu chochote cha watalii.

Baiskeli yenyewe iliingia nchini wakati mmoja na reli, au karibu. John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli ya Rover mwaka 1885, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha la nyuma. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop akasajili tairi la upepo huko Belfast. Kabla ya hapo chombo hicho kilikuwa mchezo wa vijana wenye fedha, baada ya hapo kikawa usafiri wa mfanyakazi, kwanza Ulaya, kisha kila mahali ambako meli za Ulaya zilifika. Tanganyika ilizijua Raleigh za Nottingham kabla ya Uhuru, na baadaye zikaja Phoenix za Shanghai, Avon na Hero za India, pamoja na Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya taifa ya baiskeli, NABICO.

Upare wa chini uliipokea kwa mikono miwili. Mashamba ya mkonge, gulio la Same, stesheni na vijiji vya bonde la Mkomazi vilikuwa mahali pa baiskeli hasa: ardhi tambarare, umbali mrefu kwa miguu, mfupi kwa gurudumu. Walimu, wainjilisti, makarani na vibarua waliokuwa na mshahara wa kila mwezi walikuwa wa kwanza kumiliki. Halmashauri zikaitoza ushuru. Wachuuzi wa samaki walifunga matenga kwenye karia, wakatembeza vijijini samaki wa Nyumba ya Mungu, bwawa lililokamilika kwenye mto Pangani katika miaka ya 1960. Wauza mkaa walifuata, kisha wauza maji.

Wauza maji wa Same wanastahili aya yao. Mji huu umekuwa na shida ya maji kwa miongo, na kwa miongo hiyo baiskeli ndiyo iliyokuwa bomba. Mtu huchukua Phoenix yenye fremu nzito, huongeza chuma kwenye karia, na kuning'iniza madumu ya lita 20, mawili mawili kila upande na moja juu. Hufungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Wakati wa kupakia, kijiti chenye panda huegemezwa chini ya karia ili baiskeli isimame wima, maana stendi ya kawaida ingepinda. Hapo uzito umepita kilo 100. Hapandi tena, anakokota, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ya tandiko. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe unaovuta maji ya Nyumba ya Mungu, na kazi ya madumu imeanza kupungua. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mji, na wanaume waliobeba Same kwa magurudumu mawili hawapaswi kusahaulika kwa sababu bomba limefika.

Juu mlimani mambo yalikuwa tofauti. Baiskeli ya chuma isiyo na gia, yenye uzito wa karibu kilo 20, haipandi Shengena. Waliokuwa nazo Mbaga au Chome walizikokota kupanda na kuzipanda kushuka, breki za vyuma zikilia hadi raba zake zinanuka. Mafundi wa chini ya mwembe walijua mteja atokaye mlimani kwa kuangalia raba za breki tu. Fundi huyo, ambaye bado yupo katika kila gulio la tambarare, ana karai la maji la kutafutia pancha, msasa, kiraka na solusheni, na anaweza kunyoosha rimu kwa kukaza spoki moja moja huku akizungumza na watu watatu. Tena ni lazima isemwe: kwa miaka mingi baiskeli ilikuwa ya mwanamume. Ndizi, kuni na baadaye tangawizi ya Mamba na Myamba vilishushwa kichwani na wanawake, wakati chombo cha nyumba kiko na baba. Ukiona leo msichana wa shule ya sekondari anaendesha baiskeli kando ya barabara ya Ndungu, ujue hilo ni jambo jipya, na ni jema.

Pikipiki ndiyo iliyobadilisha mlima. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipanda palepale ambapo baiskeli ilishindwa. Leo mgonjwa hushuka kwa bodaboda, mfuko wa tangawizi hushuka kwa bodaboda, na mwalimu mpya hupandishwa kituoni kwake kwa bodaboda, sanduku likiwa mbele juu ya tangi. Hata hivyo magari bado ni machache. Mabasi ya mlimani huondoka alfajiri kwenda Same na hurudi mchana yakiwa yamejaa, na kati ya safari hizo mbili barabara hubaki kwa watembea kwa miguu, mbuzi na watoto wa shule. Asubuhi ya saa tatu hadi saa sita ndiyo saa ya mwendesha baiskeli.

Kwa anayetaka kuyaona haya kwa miguu yake mwenyewe, ziko njia tatu za maana. Ya kwanza ni ile ya misafara: Same, Kisiwani, Maore, Ndungu, Kihurio hadi Mkomazi, takriban kilomita 100, milima ikiwa kulia na mbuga ya Mkomazi kushoto. Haina kupanda kukubwa, lakini ina joto, na karibu na Kisiwani tembo huvuka, kwa hiyo usiku haifai kabisa. Hapo Ndungu kuna skimu ya mpunga iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, na kijani chake humtuliza mtu aliyetoka kwenye michongoma ya asubuhi. Ya pili ni ya kupanda Upare Kusini, kwa Mwembe hadi Mbaga, au kwa Makanya hadi Suji na Chome. Hii ni ya waliofanya mazoezi. Ya tatu ni Upare Kaskazini, kutoka Mwanga kupanda Kikweni hadi Usangi na Ugweno, ambako mtu akipata anga safi huona Ziwa Jipe upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Usangi na Mbaga zilikuwa miongoni mwa vijiji vilivyoingia mapema katika mpango wa utalii wa utamaduni ulioanzishwa miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV, kwa hiyo mgeni si kitu kigeni huko na malazi hupatikana. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya njia hizi. Masika hugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi, na vuli nayo si ya kudharau: Novemba 2009, mvua kubwa iliporomosha ardhi Mamba Myamba na kuua watu zaidi ya 20.

Utulivu huu hautadumu wote, wala hautakiwi kudumu wote. Barabara ya Same hadi Mkomazi kupitia Kisiwani inawekewa lami kipande kwa kipande, na mkulima wa mpunga wa Ndungu ameisubiri muda mrefu kuliko mwendesha baiskeli yeyote. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na kila mvua ikinyesha wakala huo huwa na kazi kuliko fedha. Mama mjamzito wa Vunta anahitaji gari limfikie. Hakuna mpenzi wa njia tulivu mwenye akili timamu atakayetaka vinginevyo.

Kinachoombwa ni kingine. Barabara inapopanuliwa, kuta za mawe za msaragambo huvunjwa kwa siku moja na greda, na pamoja nazo hupotea ushahidi wa nani alichimba nini. Wazee walioitikia mbiu miaka ya 1960 na 1970 sasa wako kwenye miaka ya 70, 80 na zaidi, na wengi wao bado wanaweza kuonyesha kwa kidole: kuanzia mti ule hadi mwamba ule ni kitongoji chetu. Kimambo aliwasikiliza wazee wa wakati wake, ndiyo maana historia ya wafumwa na ya mbiru imeandikwa. Historia ya barabara haijaandikwa. Shule za sekondari zimejaa Upare, kila moja ina walimu wa historia na wanafunzi wenye madaftari, na wazee wako umbali wa kutembea. Halmashauri za Same na Mwanga ziwatume wanafunzi hao mwaka huu, kata kwa kata, wakaandike majina ya waliochimba kabla greda halijafika.